SEHEMU ILIYOZIDI UZIMA
Somo la hesabu kwa mwanafunzi wa mirathi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Hupatikana madrasani mwanafunzi aliyekwisha kuhifadhi beti za Rahbiyya tangu mwanzo hata mwisho, awezaye kuwataja wenye mafungu mmoja mmoja bila ya kusita; naye akiulizwa katika 27 mna 24 ngapi, na kinachobaki ni nini, hutazama chini. Si kosa lake peke yake. Waalimu wengi wameifanya ilimu ya faraidh kuwa ni ya kuhifadhi tu, na hesabu wakaiachia skuli. Na skuli nayo haimwambii mtoto hesabu ile ina kazi gani siku mtu anapofariki. Walakini wenye ilimu hii tangu kale wamesema kuwa imekusanya mambo mawili: fiqhi ya kumjua nani arithi na nani asirithi, na hesabu ya kumfikishia kila mwenye haki haki yake. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha al-jabr huko Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), alitenga fungu kubwa la kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Basi hesabu na mirathi ni ndugu wa zamani.

Somo hili ni la jambo moja tu katika hesabu hiyo: sehemu ambayo tarakimu yake ya juu imeishinda ya chini, kama 7/6. Maana yake ni nini, hugeuzwaje kuwa kitu kizima na kipande, na kwa nini mgawaji asiyeifahamu huweza kumla mtu mali yake hali ya kuwa hakukusudia.

Kwanza yajulikane majina. Nusu, thuluthi na robo zajulikana na kila mtu. Humusi ni moja katika tano, sudusi ni moja katika sita, subui ni moja katika saba, thumni ni moja katika nane, na tusui ni moja katika tisa. Katika kuandika, tarakimu ya chini huonyesha kitu kizima kimekatwa vipande vingapi, na ya juu huonyesha vimechukuliwa vingapi. Mstari unaozitenga mbili hizo watu hudhani umekuja na Wazungu. Lakini al-Hassar, mtu wa Maghrib, aliutumia katika karne ya 12.

Ikiwa ya juu ni ndogo kuliko ya chini, kama 3/4, kilichochukuliwa hakijafika uzima. Zikiwa sawasawa, kama 4/4, ni kitu kizima kamili. Na ya juu ikiwa kubwa, uzima umepitwa: hiyo ndiyo waiitayo waalimu wa skuli sehemu guni. Jina hilo lisimtishe mwanafunzi akadhani ni hesabu mbovu. Ni hesabu sahihi, ila haijapangwa.

Mfano wake uko jikoni. Mzee aliyeshindwa na saumu kwa uzee wake, katika madhehebu ya Imam Shafii, hutoa mudi moja ya chakula kwa kila siku aliyoikosa. Mudi nne ni sa' moja, kama vibaba vinne vilivyo pishi moja. Amekosa siku 23: anadaiwa mudi 23, na kila mudi ni robo ya sa', basi deni lake ni 23/4 za sa'. Hakuna apimaye namna hiyo. Hutazama katika 23 mna nne ngapi: mna tano, nazo ni 20, zikabaki 3. Basi ni sa' 5 na robo tatu, yaani 5 na 3/4. Mwanamke mwenye kupima mchele kwa kibaba na kuuhesabu kwa pishi hufanya kazi hii kila siku wala hahitaji kalamu.

Kanuni yenyewe ni hiyo hiyo: tarakimu ya juu hugawanywa kwa ya chini, linalotoka ndilo la vitu vizima, linalobaki huwekwa juu ya tarakimu ile ile ya chini. Akitaka kurudi, huzidisha vizima kwa tarakimu ya chini na kuongeza baki: 5 mara 4 ni 20, na 3 ni 23. Asiyerudi hivyo kujihakikishia, hesabu yake isiaminiwe.

Kosa ambalo watoto hulifanya sana ni kuiweka baki juu ya lile lililotoka, wakaandika 5 na 3/5. Dawa yake si fimbo, ni kuwauliza: hivyo vitatu vilivyobaki ni vitu gani? Ni mudi, na mudi ni robo za sa'. Vilikuwa robo kabla ya kugawanya, navyo ni robo baada yake. Kugawanya hakukuvigeuza kuwa humusi.

Hata hapa ni hesabu ya skuli. Sasa yafaa ipelekwe mahali pake.

MAS'ALA YA KWANZA. Mwanamke amefariki, ameacha mume, na dada wawili wa baba na mama, wala hana mtoto, wala baba, wala babu, wala ndugu mwanamume. Sanda imekwisha kutolewa, na deni limelipwa, na wasia hakuuacha. Mali iliyobaki ni shilingi 4,200. Kwa nassi ya Qur'ani katika Sura an-Nisaa, aya ya 12, mume asiyeachiwa mtoto na mkewe ana nusu. Na kwa aya ya 176 ya Sura hiyo hiyo, dada wawili wana thuluthi mbili.

Mgawaji asiye na hesabu huanza kwa aliye mbele yake. Mume yupo, amekaa barazani pamoja na wazee. Hupewa nusu yake, shilingi 2,100. Kisha huitwa dada wapewe thuluthi mbili, nazo ni shilingi 2,800. Katika sanduku mna shilingi 2,100 tu. Wataambiwa nini? Wataambiwa, hizo ndizo zilizobaki. Watazichukua, kila mmoja 1,050, na pengine watamshukuru aliyewagawia. Wala si bahati tu kuwa wenye kupunjwa ni wanawake ambao hawakuwapo barazani. Mwenye kuanza kugawa kabla ya kujumlisha hupunja yule anayemfikia mwisho, na dada mara nyingi ndio wanaofikiwa mwisho.

Mwenye hesabu hagusi sanduku kwanza. Hutafuta tarakimu moja ya chini itakayokubali nusu na thuluthi pamoja, nayo ni 6. Hii katika faraidh huitwa asli ya mas'ala. Nusu ni 3/6. Thuluthi mbili ni 4/6. Jumla yake ni 7/6. Hapo husimama. Katika 7 mna 6 moja, ikabaki 1. Basi mafungu yaliyodaiwa ni 1 na 1/6.

Moja ile ni mali yote. Sudusi ile ni nini? Ni haki iliyotajwa ambayo hakuna mali ya kuilipa. Sudusi ya 4,200 ni 700. Na wale dada walipoambiwa wachukue kilichobaki, walipungukiwa shilingi 700 barabara. Kumbe ile 1/6 ilikuwa ikisema tangu mwanzo: hapa pana upungufu wa shilingi 700, je, ataubeba nani?

Suala hili lilimfikia Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, katika ukhalifa wake (634–644). Halikupata kutokea kabla yake. Umar hakuona njia ya kumtanguliza mmoja na kumchelewesha mwingine, kwani wote wametajwa kwa nassi. Akashauriana na sahaba. Riwaya zinatofautiana katika nani aliyetoa rai, na iliyo mashuhuri ni kuwa alikuwa Abbas bin Abdul-Muttalib, aliyelifananisha jambo hili na deni: mtu amekufa ameacha dirhamu 6, naye anadaiwa 3 na mtu mmoja, na 4 na mwingine. Hapana atakayesema wa kwanza alipwe zote na wa pili apewe mabaki. Mali hufanywa mafungu saba, huyu akachukua matatu na huyu manne. Umar akaipokea rai hiyo, na ndiyo inayoitwa aul, yaani kuzidi kwa mafungu juu ya asli yake.

Ibn Abbas aliikataa, na khilafu yake aliidhihirisha baada ya Umar kufariki. Kauli yake ni kuwa upungufu uwaangukie wale ambao huenda wakatolewa katika fungu lililokadiriwa wakachukua kinachobaki, kama binti na dada wanapokuwa pamoja na ndugu zao wanaume. Na mume, mke na mama wasiguswe, kwa kuwa wao hutoka katika fungu wakaingia katika fungu. Ni kauli ya mwanachuoni mkubwa, wala haifai kudharauliwa. Walakini madhehebu manne, na ya Shafii miongoni mwao, yameshika aul. Na ndiyo iliyomo katika Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, 1277 Miladia).

Pana wenye kuuliza, na wengine huuliza kwa kejeli, ikiwa mafungu ya Qur'ani hayakosani yenyewe kwa yenyewe hata yakapita uzima. Jawabu imo katika mfano ule ule wa deni. Anayedai 3 ana haki ya 3, na anayedai 4 ana haki ya 4, wala hapana uwongo katika hati zao. Iliyopungua ni mali. Fungu la kila mrithi ni cheo cha haki yake mbele ya wenziwe. Wakisongamana, vyeo hubaki vile vile, tatu kwa nne, na kipande hupungua.

Sasa shilingi 4,200 zagawanywa kwa 7, kila fungu ni 600. Mume ana matatu, 1,800. Dada wana manne, 2,400, kila mmoja 1,200. Jumla yake ni 4,200, hapana senti iliyozidi wala iliyopungua. Dada aliyepewa 1,050 barazani alikuwa amenyimwa shilingi 150 za haki yake.

TANBIHI. Hapa hukosea hata aliyefahamu yote yaliyotangulia. Ameona upungufu ni sudusi, basi husema: kila mtu apunguziwe sudusi ya fungu lake. Mume ana 2,100, sudusi yake ni 350, apewe 1,750. Dada wana 2,800; sudusi yake ni 466 na 2/3; wapewe 2,333 na 1/3. Ajumlishe: 4,083 na 1/3. Zimebaki sandukuni shilingi 116 na 2/3 zisizo na mwenyewe! Amewapunguza wote kupita haja.

Kosa lake ni kuwa amesahau sudusi ile ni ya kitu gani. Ni sudusi ya mali, yaani ya 4,200. Wao hawapunguziwi katika mali. Wanapunguziwa katika madai yao, na madai yao jumla ni 4,900. Shilingi 700 katika 4,900 ni moja katika saba. Basi kila mmoja hupunguziwa subui: mume 2,100 kutoa 300 ni 1,800, dada 2,800 kutoa 400 ni 2,400. Ndiyo yale yale yaliyotoka kwa kugawanya kwa saba.

Haya ndiyo ya kushikwa katika somo hili lote: baki ikiwekwa juu ya tarakimu ya chini, huonyesha mali imepungukiwa kiasi gani, na baki hiyo hiyo ikiwekwa juu ya tarakimu ya juu, huonyesha kila mrithi amepungukiwa kiasi gani. Katika 7/6 baki ni 1: mali imepungukiwa 1/6, kila mtu amepungukiwa 1/7.

MAS'ALA YA PILI, nayo ni mashuhuri kwa jina la Mimbariyya. Imepokewa kuwa Ali bin Abi Talib, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, aliulizwa akiwa juu ya mimbari khabari ya mtu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Akajibu papo hapo kuwa thumni ya mke imekuwa tusui, kisha akaendelea na khutba yake.

Watu huihadithia kwa kuustaajabia wepesi wake wa akili, na ni haki wastaajabu. Lakini wachache huonyesha alivyofika. Mke ana thumni kwa kuwapo watoto. Mabinti wawili wana thuluthi mbili. Baba ana sudusi, na mama ana sudusi. Asli yake ni 24: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla ni 27/24. Katika 27 mna 24 moja, zikabaki 3. Basi ni 1 na 3/24, na 3/24 ni thumni. Mali imepungukiwa thumni. Ile 3 ikiwekwa juu ya 27 ni tusui: kila mrithi hupunguziwa tusui ya fungu lake. Mke alikuwa na 3 katika 24, sasa ana 3 katika 27, nayo ni moja katika tisa.

Mali ikiwa shilingi 5,400, kila fungu katika 27 ni 200. Mke 600. Mabinti 3,200, kila mmoja 1,600. Baba 800, mama 800. Thumni ya mke ingekuwa 675, amepungukiwa 75, nayo ni tusui yake. Baba na mama kila mmoja angepata 900, amepungukiwa 100. Mabinti wangepata 3,600, wamepungukiwa 400. Zikijumlishwa 75 na 100 na 100 na 400 ni 675, nayo ni thumni ya 5,400 sawasawa. Hesabu mbili zimekutana mahali pamoja.

Katika mfano huu mwanafunzi aonywe jambo moja. Skuli humfundisha kupunguza tarakimu kila inapowezekana, 27/24 ikawa 9/8. Kwa kutaka kuujua upungufu ni vyema. Kwa kugawa si vyema, kwani zile 27 zina wenyewe, 3 za mke na 16 za mabinti. Ukizifanya 9, mke atabaki na 1, na fungu la mabinti litakuwa 5 na 1/3, na ile iliyokuwa wazi imevunjika vipande. Basi apunguze pembeni ya karatasi, si katika mgawo.

Zinazoingia aul ni asli tatu tu katika saba: 6, na 12, na 24. Sita hupanda kuwa 7, 8, 9 na 10. Kumi na mbili hupanda kuwa 13, 15 na 17. Ishirini na nne hupanda kuwa 27 peke yake. Zikigeuzwa zote kuwa kizima na kipande, ni 1 na 1/6, 1 na 1/3, 1 na 1/2, 1 na 2/3. Kisha 1 na 1/12, 1 na 1/4, 1 na 5/12. Na mwisho 1 na 1/8. Azitazame vizuri. Hapana hata moja iliyofika mbili, na iliyo kubwa kuliko zote ni 1 na 2/3. Akihesabu akapata 2 na kitu, au akapata 14/12, asitafute namna ya kuigawa. Arudi nyuma, kwani amemrithisha asiyerithi, au amempa mtu nusu mahali pa robo. Mafundi wa mirathi hujikosoa kwa njia hii kabla ya kumwonyesha Kadhi karatasi.

Na jumla ikiwa chini ya uzima, hapana aul. Kinachobaki ni cha asaba, na wasipokuwapo huja mlango wa radd, nao ni somo jingine.

Limebaki jambo dogo. Huenda mafungu yakatulia kwa aul, kisha yakavunjika juu ya vichwa. Katika mas'ala ya kwanza, lau dada wangekuwa watatu, mafungu yao yangekuwa yale yale manne. 4 kwa watu 3 ni 4/3, yaani kila mmoja 1 na 1/3. Si makosa, lakini wenye ilimu hii hawapendi kuacha vipande katika karatasi ya mgawo, kwa sababu kipande ndipo panapoingia ugomvi. Hivyo huzidisha 7 kwa 3 ikawa 21: mume 9, dada 12, kila mmoja 4. Shilingi 4,200 kwa 21 ni 200 kila fungu. Mume 1,800 kama kwanza, na kila dada 800. Hiyo huitwa tas'hihi.

MAZOEZI. Mwanamke ameacha mume, mama, dada wawili wa baba na mama, na ndugu wawili wa mama. Mali ni shilingi 3,000. Mwanafunzi aigawe mwenyewe kabla ya kusoma mbele.

Mume 3, mama 1, kwa kuwa ndugu ni wengi, dada 4, ndugu wa mama 2. Jumla 10/6, nayo ni 1 na 4/6. Hii ndiyo Ummul-Furukh, yaani mama wa makinda, kwa wingi wa mafungu yaliyozidi. Mali imepungukiwa thuluthi mbili, shilingi 2,000. Kila mrithi amepungukiwa 4/10 ya fungu lake, yaani humusi mbili. Mume mahali pa 1,500 ana 900. Mama mahali pa 500 ana 300. Dada mahali pa 2,000 wana 1,200, kila mmoja 600. Ndugu wa mama mahali pa 1,000 wana 600, kila mmoja 300.

Wallahu aalam.